Kwa Nini Mgombea Aogope Gazeti?

Mwezi Julai mwaka 1995 nilikuwa nafundisha hapa Mwazye, na gazeti lilikuwa likitufikia kama barua ya ndugu aliye mbali: likija tunashukuru, lisipokuja hatumlaumu mtu. Lilitoka Dar es Salaam, likapita Mbeya na Tunduma, likapanda lori la vumbi mpaka Sumbawanga, na hapo likangoja dereva mwenye moyo mwema au gari la misheni. Siku nne zikipita tulisema limewahi. Kwa hiyo ilikuwa redio, si gazeti, iliyotuambia kwamba Mkutano Mkuu wa Chama Cha Mapinduzi uliokutana Dodoma umemteua Ndugu Benjamin William Mkapa kugombea urais. Duru ya kwanza Ndugu Jakaya Kikwete aliongoza kwa kura 534, Mkapa akapata 459 na Ndugu Cleopa Msuya 336. Duru ya pili Mkapa akapata 686 na Kikwete 639. Kura 47 tu ziliamua nani atatutawala kwa miaka kumi iliyofuata.

Siku chache baadaye likafika bunda la magazeti ya nyuma. Tulikaa nje ya duka tukiota jua, maana baridi ya Julai huku Ufipa haina mzaha, nami nikawa nasoma kwa sauti kama ilivyokuwa desturi. Ndani mlikuwamo mahojiano. Mtu mmoja, simtaji, alieleza kwa karibu ukurasa mzima atakavyokuwa Rais, atakavyoinua kilimo, na jinsi alivyolelewa katika umaskini. Alizungumza vizuri. Nilipomaliza, mzee mmoja jirani yangu, ambaye elimu yake yote ilikuwa ya katekisimu, alitoa kiko mdomoni akaniuliza:

"Mwalimu, huyu si ndiye aliyekwisha shindwa?"

"Ndiye, mzee wangu."

"Sasa maneno yote haya alikuwa anamwambia nani?"

Wenzangu walicheka, na mimi nikacheka nao ili nisijibu. Miaka thelathini imepita na swali lile halijaniacha.

Jibu langu leo ni hili, na sitalizungusha. Hakuwa akituambia sisi wa Mwazye, maana sisi hatukuwa na kura. Wenye kura walikuwa wajumbe elfu moja na mia tatu na ushei waliokuwa Dodoma, na kabla yao walikuwapo wachache zaidi wa Kamati Kuu na Halmashauri Kuu ambao ndio huchuja majina. Hao hawakuhitaji gazeti ili wamjue. Walikula naye, walisafiri naye, wengine pengine walimdai. Mahojiano ya gazeti katika mbio za kuteuliwa ndani ya chama yanafanana na bwana harusi anayewahutubia majirani uani wakati posa yake inajadiliwa chumbani. Majirani watapiga makofi. Waliomo chumbani watasikia neno moja tu kupitia dirishani, na aghalabu ni lile baya.

Hivyo nathubutu kusema kwamba katika miaka hii yote sijaona mtu ambaye mahojiano yalimpa uteuzi, ila nimeona wengi ambao yaliwaumiza. Wanasiasa wetu si wajinga. Wameliona hilo, wamejifunza kunyamaza, na kunyamaza kumewalipa. Ugomvi wangu katika makala hii si na mtu mmoja mmoja, bali ni na malipo hayo ya ukimya, kwa kuwa anayeyagharamia ni mwananchi.

Tuuangalie kwanza huo mwaka 1995. Mtu aliyezungumza na waandishi wa habari na nchi nzima ikasikia hakuwa mgombea. Alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Mwezi Machi mwaka ule aliketi na waandishi katika hoteli ya Kilimanjaro, Dar es Salaam, akahesabu nyufa za nyumba yetu: Muungano unaotikiswa, Katiba inayopuuzwa, nchi inayoendeshwa bila kujali sheria, rushwa, na ukabila pamoja na udini. Mei Mosi akarudia kule Mbeya na kutaja sifa za mtu anayefaa. Baada ya hapo wagombea wangeweza kuhojiwa na gazeti lolote wapendalo, lakini wajumbe walikwenda Dodoma na kipimo cha Mwalimu mfukoni. Nasi tulishukuru, kwa kuwa tulimwamini Mwalimu. Lakini ebu fikiri, ndugu msomaji: tulimshukuru mtu mmoja kwa kuwauliza wagombea maswali kwa niaba yetu. Mwalimu alifariki mwaka 1999. Nani aliyeachiwa kazi ile?

Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba aliyeteuliwa mwaka ule alikuwa mtu wa magazeti. Mkapa aliwahi kuhariri The Nationalist na Daily News, na ndiye mkurugenzi wa kwanza wa SHIHATA. Alijua swali zuri linaulizwaje. Hata hivyo, akiwa Ikulu wahariri wa hapa nyumbani walinung'unika kwamba wageni kutoka ng'ambo wanampata kwa urahisi kuliko wao. Simlaumu sana marehemu. Fundi seremala hujua zaidi ya wateja wake kwamba nyundo inaumiza kidole.

Na mtu aliyependwa na magazeti kuliko wote, Ndugu Augustine Mrema, alikuwa amekwisha kihama chama mapema mwaka ule na kuingia NCCR-Mageuzi. Kila alipofungua mdomo paliandikwa. Oktoba akapata asilimia 27 na ushei, Mkapa asilimia 61 na ushei. Waliobaki ndani ya chama wakaona wazi kwamba njia ya magazeti ni ndefu, na njia ya wajumbe ni fupi.

Mwaka 2005 nilikwisha staafu, na magazeti yalikuwa yakifika Sumbawanga siku ya pili yake. Wanachama kumi na mmoja walichukua fomu. Walipochujwa wakabaki watano, kisha watatu, na pale Chimwaga mwezi Mei Kikwete akapata kura 1,072, Dakta Salim Ahmed Salim 476 na Profesa Mark Mwandosya 122. Mahojiano na mshindi niliyoyasoma mimi hayakuwa mahojiano. Yalikuwa salamu. "Nini siri ya kupendwa kwako na vijana?" Hilo ni swali au ni shada la maua? Wakati huohuo Dakta Salim, mtu aliyekuwa balozi Misri akiwa na umri wa miaka 22, Waziri Mkuu mwaka 1984, na Katibu Mkuu wa OAU kwa miaka kumi na miwili, aliandikwa na kusemwa kwamba ni Hizbu, kwamba ni Mwarabu, hata kwamba alihusika na kifo cha Mzee Karume cha mwaka 1972. Msomaji utaniambia: basi unaona, gazeti linaua. Nami nakujibu kwamba kilichomuumiza Dakta Salim si kuulizwa. Ni kusemwa. Kama shutuma zile zingewekwa mbele yake kama maswali, na majibu yake yakachapwa ukurasa uleule, mwenye akili angepima. Shutuma ilipita mlango wa mbele ikaketi sebuleni, jibu likaja jioni na kukuta wenyeji wameshalala.

Lakini mwaka 2015 ndio uliofunga mjadala, nami naomba nikae hapo kidogo.

Mwaka ule fomu zilichukuliwa na watu 42, wakarudisha 38. Watu 38 wanaotaka kuwa Rais! Tungetegemea nchi ijae maswali. Haikuwa hivyo, na sababu ilianzia mwaka mmoja nyuma. Februari 2014 chama kiliwaadhibu wanachama sita, wakiwamo mawaziri wakuu wawili wastaafu, Ndugu Edward Lowassa na Ndugu Frederick Sumaye, kwa kosa la kuanza kampeni mapema. Kila mtu akaelewa kwamba kusema unautaka urais ni kosa, ila kuutaka bila kusema si kosa. Ndipo ilipozaliwa lugha ya ajabu. Ndugu Bernard Membe aliwaambia waandishi kwamba anasubiri kuoteshwa. Jirani yetu Ndugu Mizengo Pinda, Waziri Mkuu wetu, mtoto wa mkulima tuliyekuwa naye mkoa mmoja mpaka Katavi ilipojitenga mwaka 2012, alihojiwa akiwa London akasema naye yumo, ila anakwenda kimyakimya. Huku Rukwa tulimcheka kwa upendo. Baadaye nilijiuliza kama ilikuwa ya kucheka. Waziri Mkuu wa nchi anaulizwa anataka nini, naye anajibu kwa kunong'ona, tena akiwa ng'ambo.

Lowassa hakunong'ona. Mwishoni mwa Mei 2015 aliwaita wahariri nyumbani kwake Dodoma, akasema nao juu ya Richmond iliyomwondoa madarakani mwaka 2008, na juu ya afya yake, akasema kama ni afya basi wagombea wote wapimwe. Akaongeza kwamba asiyemtaka ndani ya chama aondoke yeye. Neno hilo la mwisho ndilo lililosafiri. Mimi sikuwa upande wake, natamka wazi, lakini nasema haki yake: kati ya wakubwa wote wa mwaka ule, yeye ndiye aliyekubali kukaa na wahariri akaulizwa mambo yanayomuuma. Mwezi Julai jina lake halikufika hata kwenye tano bora. Tarehe 28 Julai yeye ndiye aliyeondoka, akaingia CHADEMA, na maneno yake ya Mei yakachapwa upya ili achekwe.

Ndugu January Makamba naye alikubali kuulizwa, hata kikatoka kitabu kizima cha maswali na majibu kuhusu Tanzania aliyoitaka. Alifika tano bora, pamoja na Membe, Dakta Asha-Rose Migiro, Balozi Amina Salum Ali na Dakta John Pombe Magufuli. Hakufika tatu bora.

Na Magufuli? Alichukua fomu kama mtu anayechukua stakabadhi ya kodi, akasema machache akaondoka. Hakukodi uwanja, hakuita wahariri. Wakati wenzake wakirushiana maneno magazetini, yeye hakuwa na sentensi hata moja ambayo mpinzani angeweza kuikata na mkasi akaipeleka Dodoma. Tarehe 12 Julai ikatangazwa: Magufuli kura 2,104, Balozi Amina 253, Dakta Migiro 59.

Nasikia wengi wakisema kwamba ule ulikuwa ushindi wa unyenyekevu juu ya majigambo. Huenda. Wala sisemi kwamba ukimya peke yake ndio uliompa ushindi. Kamati Kuu ilikuwa na sababu zake, na kubwa zaidi ilikuwa kumzuia mtu mmoja. Ninachosema ni kwamba tulimpata Rais ambaye hakuna Mtanzania aliyekuwa amemwuliza, kabla hajateuliwa, anafikiri nini kuhusu Katiba mpya, kuhusu mahakama, kuhusu upinzani, kuhusu magazeti yenyewe. Tulijua anapenda barabara. Mengine tulikuja kuyajua tukiwa ndani ya gari na milango imefungwa. Mwaka 2016 matangazo ya Bunge ya moja kwa moja yakakatwa, na mwaka huohuo ikaja Sheria ya Huduma za Habari. Wahariri walikaribishwa Ikulu kuuliza maswali Novemba 2016, mwaka mzima baada ya yeye kuapishwa. Kwa nini tushangae? Mtu aliyefika kileleni bila kuulizwa ataliona swali kuwa ni utovu wa adabu.

Hapa natakiwa kuungama jambo langu mwenyewe, maana si haki kuwanyoshea wengine kidole huku wangu umejificha mfukoni.

Ninaye mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwa mwandishi wa gazeti moja Dar es Salaam. Sitalitaja gazeti, na mgombea nitakayemsema simtaji pia. Mapema mwaka 2015 kijana alinipigia simu. "Shikamoo Mwalimu. Nimepewa kazi ya kumhoji mheshimiwa fulani, anatia nia." Nilifurahi kama aliyepewa kazi ile ni mimi. Jumapili baada ya Misa niliwakusanya wazee na akina mama kadhaa, tukakaa penye kivuli, nikafungua daftari, nikasema: haya, huyu mtu anaweza kuwa Rais, mngemwuliza nini? Kwanza walidhani ni utani. Kisha maswali yakaanza kutoka. Mama mmoja, mjane, alitaka kujua kwa nini Wakala wa Hifadhi ya Chakula alichukua mahindi ya wakulima mwaka 2014 halafu fedha zikachelewa mpaka watoto wakarudishwa shuleni, na kama yeye mheshimiwa angekuwa Rais angewalipa kabla au baada ya kujilipa. Mwingine aliuliza mbolea ya ruzuku inapofika mahindi yakiwa yameshafika magotini, inakuja kumlisha nani. Palikuwa na swali la barabara ya Sumbawanga, Matai mpaka Kasanga. Palikuwa na swali la dawa katika zahanati. Mzee yule wa kiko alikwisha fariki, lakini mwanawe aliuliza swali ambalo baba yake angelipenda: "Mwulize akishindwa atarudi kutuambia maneno haya, au yalikuwa ya safari tu?" Jumla yalikuwa saba. Niliandika na jina la kila aliyeuliza pembeni, nikayatuma kwa simu, ujumbe baada ya ujumbe, mpaka salio likaisha.

Mahojiano yalitoka. Ukurasa mmoja na nusu, picha kubwa. Swali letu halikuwamo hata moja. Nilidhani nafasi imekosekana. Na nikiri: niliyapenda mahojiano yale. Mheshimiwa alionekana mtu wa busara. Mwezi Juni wapambe wake walipofika Sumbawanga kutafuta wadhamini, maana utaratibu ulitaka wadhamini 450 kutoka mikoa 15, mitatu ya hiyo ikiwa ya Zanzibar, nami nilikuwa mjini kwa shughuli ya pensheni, nilitia sahihi. Nilimdhamini mtu ambaye nilimjua kwa karatasi ile peke yake.

Desemba kijana alikuja kumzika mama yake. Siku ya tatu ya matanga, watu wakiwa wamepungua, alinisogelea akanieleza bila mimi kumwuliza. Maswali aliyapokea kwa wapambe yakiwa yamekwisha chapwa. Majibu pia. Mhariri wake alijua. Yeye alitia jina lake juu, akapewa bahasha. "Mwalimu, yale ya kwenu niliyatoa nikamwonyesha mpambe. Akanambia, mdogo wangu, maswali tumeshapewa."

Sikuwa na la kumwambia mtu aliyefiwa. Lakini usiku ule nililala vibaya, si kwa ajili yake, kwa ajili yangu. Sahihi yangu ilikuwa Dodoma katika faili, chini ya fomu ya mtu ambaye sikuwa nimemsikia akisema neno lake mwenyewe hata moja.

Kwa hiyo ninaposema mahojiano ya magazeti yetu yamekufa simaanishi kwamba gazeti lina hatia peke yake. Mgombea amegundua kwamba swali la kweli linamdhuru kwa wale wachache wenye kura, na swali la uongo halimdhuru. Basi analinunua la uongo. Mwandishi, ambaye mshahara wake unachelewa, analiuza. Nasi tunalisoma na kutikisa kichwa. Soko limekamilika.

Wapo watakaoniambia kwamba hata huko tunakokuita kwenye demokrasia pevu mahojiano ni mtego. Ni kweli, na mifano ipo. Januari 1984 Mchungaji Jesse Jackson, akiwania kuteuliwa na chama cha Democratic kule Marekani, alizungumza na Milton Coleman wa Washington Post, mwandishi Mweusi mwenzake, akadhani wanazungumza kindugu. Alitumia neno la dharau dhidi ya Wayahudi. Likachapwa. Kwanza alikana, kisha Februari akasimama katika sinagogi kule New Hampshire akaomba radhi. Coleman alitukanwa na kutishwa na watu wake mwenyewe. Aprili 2016 Seneta Bernie Sanders aliketi na jopo la wahariri wa Daily News la New York. Yeye alikuwa amehubiri mwaka mzima kwamba mabenki makubwa yavunjwe. Wakamwuliza: utayavunjaje, kwa sheria ipi? Akababaika. Gazeti likachapa mazungumzo yote, neno kwa neno, na siku chache baadaye akashindwa kura za jimbo lile. Sisemi alishindwa kwa sababu hiyo. Bi Hillary Clinton aliwahi kuwa seneta wa New York na pale palikuwa kwake.

Lakini angalia tofauti. Jackson aliumizwa na neno lililotoka kinywani mwake mwenyewe. Sanders aliulizwa juu ya jambo alilolihubiri mwenyewe. Na waliosoma ndio waliokuwa na kura, mamilioni yao. Mwenye kupima alipewa kitu cha kupima. Kwetu aliyepewa gazeti hana kura, na mwenye kura kapewa kitu kingine.

Wengine, hasa wenzangu wa chama, watanikemea kwa neno lililozoeleka: chama kina wenyewe. Uteuzi ni jambo la ndani, tunaulizana wenyewe kwa wenyewe vikaoni, gazeti linahusika nini? Wenzangu, nimo katika chama hiki tangu kilipozaliwa mwaka 1977, na kabla ya hapo nilikuwa TANU, kwa hiyo nisichukuliwe kama mpita njia. Tangu vyama vingi virudi, mtu aliyeteuliwa na CCM ameapishwa kuwa Rais kila mara: 1995, 2000, 2005, 2010, 2015, 2020 na 2025. Kama uteuzi wa ndani ndio unaotoa Rais wa wote, basi si jambo la ndani tena. Mtu anayechimba kisima uani kwake ni shauri lake, lakini kama kijiji kizima kinakunywa kisima hicho, kijiji kina haki ya kuchungulia maji. Na hivyo vikao, wenzangu, tunavijua. Usiku ule wa Julai 2015 wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Dakta Emmanuel Nchimbi, Ndugu Adam Kimbisa na Bi Sophia Simba, walitoka nje wakawaambia waandishi kwamba hawakubaliani na namna majina yalivyochujwa. Siku ile walionekana wasaliti. Mmoja wao ndiye aliyekuwa mgombea mwenza wetu mwaka 2025. Hata ndani ya chumba, basi, wapo waliotamani dirisha lifunguliwe.

Nataka nini? Nataka jambo moja, wala si kubwa. Mwaka 2015 fomu iligharimu shilingi milioni moja, ikahitaji wadhamini 450, na kuzunguka mikoa. Iongezwe sharti: kabla jina halijafika Kamati Kuu, mtia nia aketi saa tatu mbele ya waandishi ambao hakuwachagua, waulize wanachotaka, na mazungumzo yachapwe yote, pamoja na kubabaika kwake, pamoja na "swali hilo sitalijibu". Wote waketi, siku moja au wiki moja, ili asiwepo anayefaidi kwa kunyamaza wakati mwenzake anasema. Hapo ndipo penye ufunguo. Leo anayesema anaumia kwa sababu mwenzake ananyamaza. Wakilazimishwa wote, ukimya unapoteza bei. Na magazeti nayo yaandike chini ya kila mahojiano ni nani aliyetunga maswali. Mstari mmoja tu. Kama ni aibu kuuandika, basi tumekwisha jua.

Najua nachelewa. Januari 2025 Mkutano Mkuu Maalumu ulikutana Dodoma ukampitisha Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea, miezi tisa kabla ya uchaguzi, bila fomu za kushindaniwa. Mwaka 2020 pia fomu ilichukuliwa na mtu mmoja. Kwa mgombea aliye Rais desturi ni hiyo, wala sijadili hapa kama ni njema. Naeleza tu hali ya mahojiano: safari hii hata yale ya bahasha hayakuwapo. Hapakuwa na mtu wa kuhojiwa kwa sababu hapakuwa na mbio. Nilimwona mpwa wangu akitafuta katika simu yake habari za wagombea wa ndani ya chama, akanionyesha picha za watu wakipiga makofi ukumbini. "Mjomba, wagombea wengine wako wapi?" Nikamwambia hawapo. Akaendelea kushusha picha kwa kidole.

Desturi au si desturi, itafika siku ambapo Rais aliyepo hagombei tena, na fomu zitawekwa mezani kama mwaka 2015. Watafika thelathini, pengine hamsini. Wapambe watapanda Ufipa na daftari za wadhamini, nao watanikuta, Mungu akipenda, au watakutana na mwanangu. Safari hii sitatia sahihi kwa mtu ambaye sijasoma akibabaika.

Daftari la mwaka 2015 ninalo bado, katika kabati la vitabu vya shule. Swali la barabara nililifuta kwa rula lami ilipofika Matai, nikaandika tarehe pembeni. Sita mengine yapo kama yalivyo, kwa wino wa bluu, na majina ya walioyauliza. Wawili kati yao tumekwisha wazika.